Nguo Zisizokauka

Alunguli, 12 Septemba 1983

Mvua ya kwanza imerudi leo adhuhuri. Imepiga bati kwa kishindo hadi sikusikia tena sauti ya Dokta ndani ya kaseti, nikasimamisha mashine. Nimechukua karatasi iliyoharibika; upande mmoja una ripoti niliyoikosea, upande wa pili naanza kuandika mambo yangu mwenyewe. Kazi yangu ni kuandika maneno ya mtu mwingine, kwa Kifaransa. Haya yangu nayaandika kwa Kiswahili, tena kwa kalamu, maana utepe wa wino wa mashine ni wa hospitali.

Jina langu Mwanvua. Zamani nilikuwa napiga chapa katika ofisi ya hospitali, ng'ambo ya Mto. Dari ya ofisi ilipoanguka na kukosa mtu wa kuitengeneza, Dokta Onema aliniambia, "Chukua mashine, fanyia kazi nyumbani." Dokta akimaliza kupasua, anasema ndani ya kinasa sauti: mgonjwa alikuwa na nini, alimkata wapi, alimshona vipi. Florentin, muuguzi wake, anavuka na kaseti kwa mtumbwi na kuniletea. Mimi nasikiliza, naandika, nakala moja ya faili, nyingine ya ofisi ya mkoa, Bukavu. Majina ya wagonjwa sitayaandika humu. Hayo si yangu.

Kazi ya nyumbani ilinifaa kwa sababu ya mdogo wangu Sharifa, aliye chumba cha nyuma. Aliolewa upande wa Pangi. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulidumu siku nyingi bila mtu wa kumpasua, mtoto akafia tumboni, na tangu hapo mkojo unamtoka wenyewe, mchana na usiku, kama maji ya mtungi uliopasuka. Mumewe akamrudisha kwetu. Kutwa tunafua. Kiangazi nguo zake zilikauka upesi juu ya majani. Leo tumeziingiza ndani zikiwa mbichi.

15 Septemba

Mvua. Nguo hazikukauka.

17 Septemba, Jumamosi

Salongo. Ni kazi ya lazima ya mtaa kila Jumamosi; tumefyeka nyasi za njia ya kivukoni. Kiongozi wa mtaa akauliza mbona Sharifa haji kamwe.

"Ni mugonjwa," akajibu Sudi, mume wangu, mfanyakazi wa reli.

"Mugonjwa gani wa kila Jumamosi?"

Watu wakacheka. Sudi hakucheka. Njiani akaniambia, "Mama Ramazani, nyumba yetu iko nanuka. Hata kule reli wananiambia koti yangu iko nanuka." Ramazani ni mwanetu, anasoma Kisangani kwa shemeji yangu. Nikamjibu Sudi kwamba watu wa reli wana nafasi ya kunusa makoti kwa kuwa treni haionekani. Tukafika nyumbani kila mmoja na uso wake.

23 Septemba

Katika kaseti ya leo mlikuwa na habari njema, na habari njema katika kazi hii ni chache. Mwanamke wa Lubutu, mwenye ugonjwa uleule wa Sharifa, alishonwa na Dokta mwezi uliopita. Leo Dokta anasema, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: mgonjwa ni mkavu, anarudi kwao. Nilirudisha kaseti nyuma nikasikiliza tena, ingawa mawe ya betri ya kinasa sauti yamechoka na mvua hainipi jua la kuyaanika.

Nikaenda chumba cha nyuma.

"Sharifa, iko muntu amepona."

"Nani?"

"Jina siwezi kusema. Wa Lubutu. Alikuwa sawa na wewe."

Akaendelea kukunja matambara yake. Kisha: "Sawa na mimi kabisa? Hata kunuka?"

"Hata kunuka."

"Na Dokta wako njo alimushona?"

"Yeye."

Akaweka matambara chini. "Nipeleke," akasema.

28 Septemba

Tumevuka. Mwenye mtumbwi alimweka Sharifa nyuma kabisa, peke yake, sisi wengine tukabanana mbele. Katikati ya Mto mwanamke mmoja mwenye kikapu alianza kuchungulia ndani na kunusa. "Samaki yangu imeharibika?" akauliza.

"Hapana, mama," Sharifa akamjibu kutoka nyuma. "Samaki ni muzima. Ni mimi."

Mwanamke akafunika kikapu chake.

Dokta alimpima mwenyewe, akanawa mikono, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Hakuziba pua. Hakusema na mimi kana kwamba Sharifa ni mzigo wangu, alisema naye.

"Tundu ni dogo, mama. Inashoneka. Lakini nyuzi za kushona ndani zimeisha, na dawa ya usingizi imebakia kidogo sana. Tungoje treni ilete. Nitakushona Desemba."

"Desemba ya mwaka huu?"

Akacheka kidogo. "Ya mwaka huu."

Ninaijua sauti ya mtu huyu kuliko ninavyojua sauti ya baba yangu. Nimeisikia ikieleza vifo bila kutetemeka, na nimeisikia ikijilaumu pale ilipopaswa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiambia: akisema Desemba, ni Desemba.

3 Oktoba

Mvua tangu alfajiri.

9 Oktoba

Sharifa ameanza kusema "nikipona." Nikipona nitakaanga vitumbua pale kivukoni. Nikipona nitakaa kwenye benchi ya watu. Nikipona nitakwenda harusini, nitasimama katikati. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kuswali hivyohivyo, atawadhe tu kila wakati wa swala, Mungu anajua hali yake. Hakuwa amekubali. Jana nimemwona ametandika mkeka.

14 Oktoba

Kila kitu ndani ya nyumba ni chepechepe. Karatasi zinashikana, herufi za mashine zinakwenda na kugoma kurudi. Tumefunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na ili nifike mezani kwangu lazima nipite chini ya nguo za Sharifa kama mtu anayepita msituni. Anavaa nguo mbichi kwa kuwa kavu hakuna. Mapaja yake yametoka vidonda. Nampaka mafuta ya mawese, anauma ncha ya kitenge asilie.

15 Oktoba

Hazikukauka.

20 Oktoba

Nimetoka sokoni mapema kuliko kawaida kwa sababu ya wingu, nikamkuta Sudi ameinama juu ya meza yangu. Mashine ameisogeza pembeni. Amejaza makaa katika pasi, na anapiga pasi matambara ya Sharifa, moja baada ya jingine, mvuke unampanda usoni. Aliponiona alishtuka kama mwizi.

"Niliona jua haiko," akasema. "Nikafikiri, moto pia inakausha."

Nimeolewa na mtu huyu zamani, na nilidhani nimekwisha kumsoma. Nimepokea pasi nikaendelea. Yeye akawa ananipa nguo.

"Usimwambie," akasema.

27 Oktoba

Kaseti nyingi. Florentin ameleta mfuko mzima. Humo mna wagonjwa wa mwaka jana, hata wa mwaka juzi, ambao ripoti zao hazikuandikwa kamwe. Nimefurahi. Nimedhani Dokta ameona nafanya kazi vizuri, sasa ananipa na ile iliyolala.

2 Novemba

Kaseti zaidi. Vidole vinaniuma.

4 Novemba

Kaseti, mvua, kaseti. Kifaa cha sikioni kimekufa, sasa nasikiliza kwa sauti ya wazi, ndogo kiasi ninachoweza. Majirani hawajui Kifaransa, lakini naona haya hivyohivyo, kama mtu anayefua nguo za ndani za wengine barabarani.

8 Novemba

Leo Sharifa amesema kupitia ukutani, akiniita Yaya kama aitwavyo dada mkubwa kwetu, "Yaya, ule Dokta wako anahama?"

Nikasimamisha kaseti. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Niko namusikia tu. Zamani alikuwa anasema kidogo, anasimama, anafikiri, halafu anasema tena. Sasa hasimami. Iko nasema sawa muntu anafagia nyumba ya kutoka."

Nimemwambia aache maneno ya ovyo. Nimerudi kwenye mashine, nikabonyeza, nikasikiliza tena. Hafikirii. Anamaliza tu.

Sikuandika ukurasa hata mmoja baada ya hapo.

11 Novemba

Florentin amekuja amelowa. Katika karatasi zake anaitwa Sitwayeni, yaani Raia, Kalonji, kwa kuwa majina ya ubatizo yamekatazwa, lakini mama yake Mkasai alimwita Florentin na sisi vilevile. Ni mtu wa mzaha. Leo aliweka mfuko mezani akageuka aondoke. Nikamzuia mlangoni.

"Florentin, Dokta anakwenda wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Mama Mwanvua, mimi ni mutu wa kubeba kaseti."

"Nimekuuliza kama ndugu."

"Kinshasa," akasema. "Iko kliniki moja ya watu wakubwa inamutaka. Watoto wake wako kule, wamefukuzwa shule. Hapa mshahara unakuja mwezi huu, miezi mingine haiji. Ndege ya Jumamosi ya kwanza ya Desemba."

"Na atakayekuja badala yake?"

Akafunga vifungo vya koti, akatoka mvuani.

Sharifa alikuwa amesikia yote. Nilipoingia alikuwa ameukunja mkeka wa swala, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na miguu yake ilikuwa katika maji yake mwenyewe.

14 Novemba

Nimevuka peke yangu. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, vipande vya miti vinapita.

Sikwenda hospitali, nilikwenda nyumbani kwake. Sebuleni makasha, vitabu chini, suti zake za abakosti, zile zisizo na tai, zimekunjwa juu ya kiti. Alinikaribisha kama mtu aliyekuwa akinitarajia.

"Mama Mwanvua. Ungesikia kutoka kwangu."

"Ulimuahidi Sharifa Desemba."

"Ndiyo."

"Desemba ina siku za kwanza pia, Dokta. Si lazima iwe ya mwisho."

"Kwa uzi gani?" Alisema bila hasira, na hilo liliniudhi zaidi. "Nikimshona kwa uzi mbaya, utakatika, na tundu litakuwa kubwa kuliko sasa. Atakayemshona mara ya pili atakuta nyama imekuwa ngumu. Mara ya kwanza njo ya maana. Sitaki kuiharibu."

"Na nani atamshona mara hiyo ya kwanza?"

Akaokota kitabu kimoja, akakirudisha chini. Nilimwona kwa mara ya kwanza bila kaseti katikati yetu: mtu aliyekonda, kola imechakaa, macho ya mtu asiyelala. Nilikuja na maneno makali. Nilikuwa nimeyapanga mtumbwini. Yalinipotea.

"Lete uzi," akasema mwisho. "Ukipata uzi mzuri kabla ya Alhamisi yangu ya mwisho hapa, dawa ya usingizi nitamuwekea. Iko ya mtu mmoja."

15 Novemba

Sudi amesema, "Uzi wa namna gani?" Nimemweleza: ule wa kushona nyama za ndani, unaoyeyuka wenyewe. Amevaa koti na kutoka mvuani bila kula.

18 Novemba

Duka la dawa la Mgiriki hawana. Misheni hawana. Wamenionyesha kabati tupu ili niamini.

21 Novemba

Treni bado. Wanasema njia imeoshwa na maji upande wa kusini. Sharifa hanitazami ninapoingia. Ananisaidia kufua, mikono yake inafanya kazi, uso haupo.

24 Novemba

Sikukuu ya Utawala Mpya. Tumecheza na kuimba uwanjani chini ya mvua, wafanyakazi wote, kwa vitenge vya sare. Rangi imetoka, imetuchuruzika miguuni.

27 Novemba

Treni imeingia.

Sudi amerudi jioni kwa miguu, ameshika kitu ndani ya shati. Mabomba madogo ya kioo, ndani yake uzi wa manjano umekunjwa majini. Kuna mtu ameshuka na treni kutoka kusini, alikuwa nayo, sijui kwa nini, sikuuliza.

"Baiskeli iko wapi?" nikamuuliza.

"Ilikuwa ya kizamani," akasema.

Bila baiskeli atatembea mpaka kivukoni asubuhi na mapema kila siku, ng'ambo atembee tena mpaka gareji ya reli. Nimemchukulia maji ya moto ya kunawa miguu. Sharifa amekuja mpaka mlangoni mwa chumba chetu, jambo ambalo hafanyi kamwe kwa kuogopa kuacha alama sakafuni. "Shemeji," akamwambia, "Mungu akupe." Sudi akajifanya anatafuta sabuni.

30 Novemba

Kesho. Tumemnyoa, tumemuogesha. Hatumwambii mtu.

1 Desemba, Alhamisi

Nitaandika yote kama ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna atakayeisema ndani ya kinasa sauti.

Tulivuka mapema. Mvua ilikuwa imepumzika, Mto umetulia. Sharifa alikaa nyuma ya mtumbwi kama kawaida, lakini alikuwa akichezesha vidole majini. Sudi aliomba ruhusa kazini akatungoja ng'ambo, akabeba kifurushi. Mabomba ya uzi nilikuwa nayo mimi, kifuani.

Hospitali Florentin alituweka kwenye benchi la ukumbi, karibu na chumba cha kupasulia. Alitandika shuka la mpira chini ya Sharifa. Dokta akapita, akauangalia uzi mbele ya dirisha, akatikisa kichwa kuridhika. "Huu ni mzuri," akasema. "Tunachemsha vyombo. Kidogo tu."

Vyombo vilikuwa bado motoni tuliposikia kelele langoni. Walikuwa watu wa Pangi, na kitanda cha miti mabegani, wamelowa matope hadi kiunoni. Juu yake msichana, tumbo limepanda, midomo imekauka. Mama yake alikuwa akikimbia kando akimshika mguu. Uchungu wake ulikuwa umeanza kabla ya Jumatatu. Walimwingiza moja kwa moja.

Tulikuwa tunamsikia. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa akitoa sauti fupi, ya chini, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa.

Dokta akatoka. Alikuja akasimama mbele yetu, na mikono yake ilikuwa inaning'inia.

"Mtoto yuko hai bado," akasema. "Nisipompasua sasa atakufa, na mama pengine naye. Akipona bila kupasuliwa, atakuwa…" Alimtazama Sharifa. "Dawa ya usingizi ni ya mtu mmoja. Uzi ni wenu. Siwezi kuuchukua bila ninyi kusema."

Sudi alinitazama. Nataka iandikwe kwamba nilisema. Nilisema, "Dokta, ni wetu." Nikasema tena, "Huyu naye amengoja. Ni wetu."

Dokta hakuondoka.

Ndipo Sharifa akasema, "Aingie."

"Sharifa, nyamaza."

"Yaya, ile sauti naijua." Alikuwa akitazama mlango, si mimi. "Mimi nilikuwa nafanya ile sauti. Nilikuwa nasikia wanaume wako nje wanasema bei ya mbuzi. Aingie. Dokta, mupe."

Nilitoa mabomba kifuani. Yalikuwa na joto langu. Dokta aliyapokea kwa mikono miwili, akataka kusema kitu kwa Sharifa, Florentin akamwita kutoka ndani, akaenda.

Tukakaa. Mvua ikarudi. Mama wa yule msichana alikuwa amejikunyata sakafuni mbele yetu, hakujua kitu, alidhani sisi ni wagonjwa wengine tunaongoja zamu. Baadaye sana tulisikia mtoto akilia. Yule mama akaanguka kifudifudi akimshukuru Mungu. Sharifa alimgusa begani, kisha akaondoa mkono haraka, akaufuta kwenye kitenge chake.

Sudi alikwenda nje kwenye mvua, akasimama kule akitazama ukuta.

Dokta alipotoka, alisema jambo moja tu: "Uzi umebaki kipande kama kidole. Hakitoshi."

Tumevuka jioni. Mtumbwini Sharifa hakuchezea maji.

3 Desemba, Jumamosi

Salongo. Tulikuwa tunafyeka ndege ilipopita juu yetu, ikaingia wingu la magharibi. Wengine wamepunga mikono. Hawakujua nani yumo.

7 Desemba

Florentin ameleta kaseti moja, ya mwisho. Ripoti ya msichana wa Pangi: mama mzima, mtoto wa kiume, mzima. Baada yake kimya kirefu, nilidhani imekwisha. Kisha jina la Sharifa, jina kamili, ukoo na kijiji cha baba. Mgonjwa anayestahili kupasuliwa. Uzi ulipatikana kwa juhudi ya jamaa. Operesheni imeahirishwa hadi tarehe itakayotajwa.

Sauti ilikuwa ileile, taratibu. Alisimama, alifikiri, akaendelea.

Nilisubiri aseme zaidi. Nilisikia kiti kikisogezwa. Basi.

Nimeipiga chapa. Nakala moja ya faili, nyingine ya Bukavu. Sehemu ya tarehe nimeiacha wazi kama alivyosema.

9 Desemba

Hakuna kaseti.

13 Desemba

Wametutembelea. Florentin ndiye aliyewaelekeza, sijui ameeleza nini. Yule msichana, mama yake, na mtoto kifuani. Msichana kwao wanamwita Claudine; hilo si jina la faili. Wanarudi Pangi kesho. Wameleta jogoo na mihogo iliyofungwa vizuri kwa majani.

"Tumesikia ninyi njo mulitoa dawa," akasema yule mama. "Tulitaka kumuona ule dada, tumushukuru."

Nikaenda chumba cha nyuma. Sharifa alikuwa amesimama, mgongo ukutani.

"Wamekuja. Wanataka wakuone."

"Niko nasikia."

"Toka basi. Kidogo tu. Wamebeba mtoto."

"Yaya, nitoke na hii?" Alionyesha miguu yake. "Mutoto mudogo, nimunukishe?"

Nikarudi nikawaambia amelala. Walikaa kidogo, wakanywa maji. Mtoto alilia, akanyonya, akanyamaza. Claudine aliponyanyuka nilitazama kiti. Nisamehewe, nilikitazama. Kilikuwa kikavu.

Walipokwisha kwenda, Sharifa aliuliza kutoka ndani, "Hatokwi?"

"Hatokwi."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikasikia akijifungia mlango.

16 Desemba

Nilimwambia Sudi leo kwamba Dokta ametuacha. Alikuwa anapiga pasi. Hajifichi tena. "Ametuacha, ndiyo," akasema. "Sasa ungefanya nini, wewe, na watoto wako wamefukuzwa shule?" Nimempa tambara jingine. Simchukii Dokta. Ningependa kumchukia, ingenipumzisha.

19 Desemba

Sharifa amezungumza na Sudi, si na mimi. Anataka kibanda kule kwenye bustani yetu ya mihogo, kando ya kijito, mbali na nyumba za watu. Anasema kule maji yako karibu, atafua bila kuchota, atalima, ataanika nguo popote. Anasema ndani ya nyumba hii anatusikia tunavyovuta pumzi.

Nililia, nikakataa, nikasema watu watasema tumemtupa. Akanijibu, "Watu wamekwisha kusema zamani."

Nilipokuwa nimechoka, kabla ya mambo haya yote, niliwahi kuwaza kwamba nyumba ingekuwa nyepesi asipokuwapo. Sasa amekwisha kuzishusha kamba zake, ukuta hadi ukuta pako wazi, na siwezi kuingia chumba kile.

20 Desemba

Sudi na jirani wamejenga. Miti, udongo, majani ya kuezekea. Amemwekea mlango unaofungwa kwa ndani.

21 Desemba

Amehamia. Mvua.

24 Desemba

Florentin alipita kuniambia kwamba daktari mpya hajatajwa. Mashine nibaki nayo kwanza. Nimeifunika kitambaa.

Alasiri nilikwenda bustanini na chakula. Sharifa alikuwa kijitoni, maji ya magoti, anafua. Nguo zilikuwa zimetandazwa juu ya vichaka vyote, ingawa mbingu ilikuwa nyeusi. Alitoka majini, akala mbele yangu, akala vizuri. Vidonda vimepungua kidogo. Nilifurahi, na furaha ikanifungua mdomo. Nikaanza kusema kwamba Bukavu wamepata ile ripoti, kwamba jina lake liko kule sasa, kwamba watatuma daktari mwingine, labda mwaka ujao, labda baada ya masika, kwamba mara ya kwanza yake bado haijaharibika na hilo njo la maana.

Aliniacha nimalize. Akaosha sahani, akanirudishia.

"Yaya," akasema, bila ukali wowote, "kesho uniletee chumvi. Na kiberiti, hii imelowa. Sabuni pia, kama iko. Lakini ile habari ya munganga mwingine, usiniletee tena."

Nilisimama pale na sahani mkononi. Matone ya kwanza yalianza kuanguka, naye akaenda kukusanya nguo zake.

"Umesikia, Yaya?"

Nikasema nimesikia. Kesho nitampelekea chumvi.